Umeona wapi? Namna ya kufundisha uandishi na balagha (sanaa ya kushawishi kwa maneno) chuoni kwa kutumia picha za video, muziki na maneno ya mtaani

Pita Jumapili jioni kwenye kibanda umiza chochote, yaani banda la kuonyeshea video, cha Mwanjelwa hapa Mbeya wakati picha inakwisha, usikilize vijana wanavyotoka. "Steringi mjinga yule, shemeji yake amemwibia halafu anamsamehe!" Mwenzake anamkatiza: "Wewe ulikuwa unaangalia simu. Si alimkuta analia jikoni, ndiyo maana akairudisha panga ukutani?" Wanabishana mpaka wanafika kituo cha bajaji. Pale kuna dai, kuna pingamizi, kuna ushahidi wenye mahali pake.

Jumatatu asubuhi kijana yuleyule anaketi darasani kwangu na kuandika: "Filamu ni muhimu sana katika jamii. Filamu huelimisha, huburudisha na kuonya." Ukurasa mzima unakwenda hivyo. Ule mdomo wa jana sijui umebaki wapi.

Nimefundisha stadi za mawasiliano na uandishi katika vyuo vya Nyanda za Juu Kusini kwa miaka kadhaa, Iringa kwanza, sasa Mbeya. Ninachoamini ni kwamba wanafunzi wetu hawana upungufu wa hoja. Hoja wanazo, na wanazitetea vizuri kuliko tunavyodhani. Wanachokosa ni njia ya kuzivusha kutoka mdomoni hadi kwenye karatasi. Mwongozo huu ni wa mwalimu mwenzangu anayetaka kuijenga njia hiyo kwa vitu ambavyo wanafunzi tayari wanavijua: muvi, Bongo Fleva, matangazo ya redio, kanga, maandishi ya kwenye bajaji.

Hatua ya kwanza: chagua kipande, si picha nzima

Mara ya kwanza nilionyesha picha ya saa mbili. Umeme ulikatika zikiwa zimebaki dakika ishirini, wanafunzi wakamalizia kwa kuhadithiana, na wiki iliyofuata nikapokea insha zaidi ya mia moja zilizosimulia kisa mwanzo hadi mwisho. Kosa lilikuwa langu. Ukimpa mtu kisa kizima, atakusimulia kisa kizima.

Chukua dakika tatu hadi sita. Tafuta kipande ambacho mtu mmoja anataka kitu na mwingine anamzuia, na ambacho watu wenye akili timamu wanaweza kukielewa kwa namna mbili. Kama darasa zima litakubaliana kuhusu maana yake, kiache. Mapigano yana raha yake lakini hayaandikiki sana. Mama na binti wasiosemezana wanaandikika wiki nzima.

Kiangalie mwenyewe mara mbili nyumbani kabla ya kukipeleka darasani, hadi sekunde ya mwisho, ili usishtukie jambo la aibu mbele ya watu mia. Tumia nakala uliyoipata kwa njia halali, onyesha kile unachokihitaji tu, na usigawe nakala kwenye makundi ya simu. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na watengenezaji wetu wa filamu wameumizwa vya kutosha na nakala za wizi. Mwanafunzi wa uandishi ndiye wa kwanza kufundishwa kwamba kazi ya mtu ina mwenyewe.

Mwaka uliofuata nilifanya jambo ambalo sasa siliachi: niliwaomba wanafunzi wenyewe watengeneze kipande kwa simu. Kundi moja lilirekodi dakika nne pale stendi ya Nanenane. Binti anashuka kwenye basi la Dar es Salaam na begi la magurudumu, anamwendea mama yake anayeuza viazi. Ni hicho tu. Nimekitumia kila mwaka tangu hapo, kwa ruhusa yao, na nitakitumia hapa kama mfano.

Hatua ya pili: andaa chumba

Projekta, spika, flashi ya akiba, kompyuta iliyojaa chaji. Kanga mbili nzito hutosha kuziba dirisha. Ila kuna kitu ambacho vitabu vya ualimu havikisemi: kuanzia Novemba hadi Aprili mvua ya Mbeya ikipiga bati, hata spika kubwa haisaidii. Usikasirike wala usiahirishe. Siku hiyo onyesha kipande bila sauti. Somo litakuwa zuri zaidi, nami nitakuonyesha sababu.

Hatua ya tatu: angalieni mara tatu

Mara ya kwanza kalamu chini. Waache wacheke, wagune, wamseme mama. Hiyo ndiyo hadhira ya kweli, na mtu asiyeguswa hana cha kuandika.

Mara ya pili zima sauti. Kila mmoja apige mstari katikati ya karatasi. Upande wa kushoto aandike "Nilichoona", wa kulia "Nilichodhani". Kushoto: mama hainui macho. Kulia: mama amekasirika. Hapa utatumia nguvu nyingi, kwa sababu wataandika "mama amekasirika" upande wa kushoto. Pita kati ya madawati, uulize kwa upole: "Hasira umeiona? Ina rangi gani?" Mwanafunzi atasita, atatazama tena, kisha ataandika: "Anapanga viazi huku binti amesimama mbele yake." Hapo ndipo uandishi unapoanza, na huwa nafurahi kila nikiona uso wa mtu anapoligundua.

Mara ya tatu funika picha, wasikilize tu. Katika kipande chetu cha stendi, ni mara ya tatu ndipo msichana mmoja kutoka Tukuyu aliponyosha mkono na kusema: "Mwalimu, binti amesalimia kwa Kiswahili, mama amejibu kwa Kinyakyusa." Wenzake wa Iringa na Njombe hawakuwa wamelisikia, kwao ilikuwa salamu tu. Darasa lilichemka. Je, mama anamkumbusha kwao ni wapi? Anamfungia mlango, au anamfungulia? Tulibishana nusu saa juu ya neno moja.

Hatua ya nne: wabishane kwanza, na kwa Kiswahili

Vyuo vyetu vikuu vinafundisha kwa Kiingereza na mtihani utakuja kwa Kiingereza. Hilo nalijua, na sitaki mwanafunzi wangu afeli. Hata hivyo, ukimlazimisha mtu atafute hoja na Kiingereza kwa wakati mmoja, atakuletea sentensi alizokariri sekondari. Mwache atafute hoja kwa lugha anayoiotea ndoto. Kazi ya Kiingereza itakuja, na itakuwa nyepesi, kwa kuwa atakuwa na kitu cha kusema.

Dakika kumi na tano zinatosha. Mchague mwenyekiti na mwandishi wa ubaoni. Kanuni ni moja: yeyote anayedai kitu anaweza kuulizwa na yeyote, "Umeona wapi?" Asipokuwa na jibu, dai linafutwa ubaoni bila kugombezwa. Baada ya wiki mbili wataanza kuulizana hivyo hata kwenye foleni ya chakula.

Hatua ya tano: kuvuka kutoka kusimulia hadi kuchambua

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Hii ni aya ya aina ninayoipokea kila mwaka kuhusu kile kipande cha stendi:

"Katika filamu hii tunamwona dada anashuka kwenye basi. Anamwendea mama yake ambaye anauza viazi. Anamsalimia. Mama anaendelea kupanga viazi. Kisha dada anakaa na kuanza kumsaidia mama yake. Hii inatufundisha kwamba tuwaheshimu wazazi."

Hakuna uongo hapo. Kila sentensi ni sahihi, na ndiyo maana mwanafunzi anashangaa akipata alama kumi na moja kwa ishirini. Usimwandikie "chambua zaidi" pembeni, maana kama angejua kuchambua angechambua. Mwulize maswali matatu, moja baada ya jingine.

La kwanza: kitu gani kidogo kilikushangaza? Si kikubwa, kidogo. Atafikiri, kisha atasema: "Ile ndoo. Mama aliisogeza."

La pili: ingekuwaje kama asingeisogeza? "Binti asingekuwa na pa kukaa."

La tatu: nani hatakubaliana nawe, na atasemaje? "Juma atasema mama aliisogeza ili afikie viazi." Basi mjibu Juma.

Sasa aandike upya. Mmoja aliandika hivi:

"Mama hakatai kumpokea binti yake, anakataa kuonekana amempokea. Anaitikia salamu bila kuinua macho, lakini mkono wake unasogeza ndoo tupu na kuacha nafasi ya mtu mmoja kwenye gunia. Mtu anaweza kusema anataka tu kufikia viazi. Hata hivyo viazi vyote viko upande wake wa kulia, na ndoo ilikuwa kushoto. Kamera inabaki kwenye ile nafasi tupu kabla binti hajakaa. Kwa hiyo anapokaa, hatumwoni mtu aliyejipenyeza. Tunamwona mtu aliyewekewa nafasi."

Zisomeni aya zote mbili kwa sauti, polepole. Wape kalamu za rangi wapigie mstari vitenzi. Katika aya ya kwanza vitenzi ni vya miguu na mikono: anashuka, anamwendea, anakaa. Katika ya pili kuna "anakataa kuonekana", na hicho ni kitenzi cha mtu aliyeamua jambo. Kisha wapigie mstari viunganishi. Aya ya kwanza ina "kisha" tu, kiunganishi cha mpangilio wa saa. Ya pili ina "lakini", "hata hivyo", "kwa hiyo", na kila kimoja kinabeba mzigo. Mwambie mwanafunzi akibandike kichwani: aya yenye "kisha" nyingi inasimulia, aya yenye "lakini" na "kwa hiyo" imeanza kufikiri. Halafu angalia ile sentensi ya mwisho ya aya ya kwanza, "hii inatufundisha kwamba". Mimi nimeipiga marufuku kwa muhula mzima. Funzo likiwemo, msomaji atalipata mwenyewe.

Rudieni zoezi hili mara nne au tano kwa muhula. Mara moja haitoshi.

Hatua ya sita: nguzo tatu za ushawishi, kwa mifano ya hapahapa

Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita Aristotle aliandika kwamba msemaji hushawishi kwa njia tatu: kwa sifa yake mwenyewe, kwa hisia za wanaomsikiliza, na kwa hoja yenyewe. Wanafunzi hukariri majina ya Kigiriki na kuyasahau baada ya tesiti. Achana na majina hayo kwanza.

Nguzo ya sifa ninaianza na mtu ambaye Mbeya nzima inamjua. Joseph Mbilinyi, yaani Sugu au Mr. II, alirapu tangu enzi Bongo Fleva inaanza, na mwaka 2010 akachaguliwa kuwa mbunge wa Mbeya Mjini. Usiingie kwenye mjadala wa vyama. Waambie mapema kwamba hatujadili nani amchague nani. Swali ni la balagha tu: mtu aliyejijengea jina kwa kusema shida za mtaa kwenye muziki, akija jukwaani na suti, hadhira inakuwa imeshamwamini kwa lipi kabla hajafungua mdomo? Na je, sifa hiyo inamsaidia kila mahali, au kuna hadhira ambayo inamlazimu aanze upya?

Kwa hisia, tumia tangazo la redio la dawa au la mkopo wa haraka. Waandike kila neno la tangazo, kisha wafute yote yanayogusa hofu au tamaa. Wahesabu maneno yaliyobaki.

Kwa hoja, wapeleke mtaani. Kazi ni hii: nakili maandishi ya bajaji moja, andika maneno 150 ukieleza nani anasema, anamwambia nani, na nini kimeachwa. Mwanafunzi mmoja alileta "Mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe". Tunaijua sote hiyo. Lakini yeye alikuwa amepanda bajaji ile, akamsikia dereva akihangaikia hesabu ya siku hiyo, yaani fedha ya kumpelekea tajiri wake mwenye bajaji. Akaandika kwamba maneno yale yanamsifu maskini kwa nguvu zake huku yamebandikwa juu ya mtaji wa mtu mwingine, na kwamba neno lililoachwa ni "hesabu". Nilimwomba aisome mbele ya darasa. Kulikuwa kimya, kisha kijana wa nyuma akasema, "Baba yangu anaendesha." Akaeleza upande wa baba yake, kwamba kwake maneno yale si uongo, ni kiapo. Insha mbili zikazaliwa hapo kwenye sentensi moja.

Kanga nayo usiiache. Ina jina lake, yaani msemo wake, pale chini, ina mvaaji, na mara nyingi ina jirani anayelengwa. Hakuna mfano bora wa hadhira iliyokusudiwa bila kutajwa.

Hatua ya saba: mpangilio ni hoja

Mwongozaji Mrusi Lev Kuleshov, karne moja hivi iliyopita, alichukua picha ya uso wa mwigizaji mmoja, uso usioonyesha lolote, akaiunganisha na bakuli la supu, kisha na jeneza, kisha na mwanamke aliyejilaza. Uso ulikuwa uleule, ila watazamaji waliona njaa, majonzi, tamaa. Fanyeni nanyi kwa simu: uso wa mwanafunzi mmoja uliotulia, kisha sahani ya ugali, kisha matokeo ya mtihani ukutani, kisha mtoto analala. Inachukua nusu saa.

Halafu hamia kwenye sentensi papo hapo. Andika ubaoni: Kijiji hakina maji. Mwenyekiti amejenga zahanati. Mwenyekiti ana gari jipya. Wazipange kwa kila namna. Ukimalizia na zahanati, umemsafisha. Ukimalizia na gari, umemshtaki, wala hujaongeza neno lolote.

Walio Iringa wana zoezi kubwa zaidi mlangoni. Mwezi Agosti 1891 jeshi la Mkwawa, chifu wa Wahehe, lilikishambulia kikosi cha Wajerumani pale Lugalo na kamanda wao Emil von Zelewski akauawa. Mwaka 1894 Wajerumani wakaiteka ngome ya Kalenga. Mwaka 1898 Mkwawa alijiua ili asikamatwe. Fuvu lake likapelekwa Ujerumani, likatajwa kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, likarudishwa 1954, na sasa limo ndani ya kioo katika makumbusho ya Kalenga. Waambie: mna dakika tano za kufungua filamu, matukio ni haya haya, mtaanzia wapi na kwa nini? Anayeanzia Lugalo anatengeneza filamu ya ushindi. Anayeanzia kwenye kioo anatengeneza filamu ya kuporwa na kurejeshewa. Kuna aliyeanzia kwenye jiwe la Gangilonga, jiwe linaloongea kwa maana ya jina lake la Kihehe, akasema anataka msimulizi awe jiwe. Mwache. Ila aandike ukurasa mmoja wa kuutetea uamuzi huo, na ukurasa huo ndio unaousahihisha. Ukiweza kuwapeleka Kalenga kabla ya zoezi, wapeleke. Ni mwendo mfupi kutoka mjini.

Hatua ya nane: kuvusha kwenda Kiingereza

Aya iliyokamilika kwa Kiswahili ndiyo inayovushwa, si insha nzima. Mwanafunzi asitafsiri neno kwa neno. Afunge karatasi ya Kiswahili, aandike kwa Kiingereza anachokumbuka, kisha afungue alinganishe. Atakuta amesahau viunganishi. Avirudishe kwanza, sarufi baadaye.

Hatua ya tisa: kusahihisha bila kuzama

Insha 150 zitakuua ukisahihisha kila kosa, na mwanafunzi hasomi wino mwekundu uliojaa ukurasa. Mimi naangalia mambo matatu: je, kuna dai ambalo mtu anaweza kulipinga, je, kila dai lina mahali lilipoonekana, je, mpinzani amejibiwa? Mwanzoni wasahihishane wenyewe wawiliwawili, na maandishi yanayoruhusiwa pembeni ni "Umeona wapi?" pekee.

Faida moja nimeiona bila kuitafuta. Insha ya kunakiliwa mtandaoni, au iliyoandikwa na programu ya simu, haimjui mama wa stendi ya Nanenane wala ndoo yake. Unapoiona imejaa maneno mazuri na haina ndoo, mwite mwanafunzi, keti naye, mkiangalie tena kile kipande pamoja kabla ya kufikiria adhabu. Mara nyingi alikuwa ameogopa tu.

Mwisho wa muhula, omba ruhusa ya kutunza aya tano nzuri pamoja na rasimu zake mbovu za mwanzo, majina yakiwa yamefutwa. Muhula mpya ukianza, wape wageni rasimu mbovu kwanza, waulize wangemwuliza nini mwandishi, ndipo uwaonyeshe aya aliyoifikia.